Haslinga Amepita Ijumaa

OPERETA: Nyaramba, una simu ya Nairobi. Dakika tatu. Ongeeni.

OMBATI: Haloo? Haloo! Ni nani hapo? Angwenyi?

NYANCHERA: Angwenyi ameenda Kisii. Kama ni sukari, imekwisha, na duka linafungwa sasa hivi. Leo ni Ijumaa, watu wanajiandaa na Sabato.

OMBATI: Sitaki sukari! Namtaka yule fundi wa nguo wa hapo barazani—

NYANCHERA: Baba Momanyi?

OMBATI: Ndiye mimi! Bwairire, Mama Momanyi. Hamjambo huko?

NYANCHERA: Hatujambo. Wewe, mbona uko Nairobi saa kumi hii? Kila mwaka saa kama hii mmeshapita Kericho mkirudi! Gari limeharibika?

OMBATI: Gari ni zima.

NYANCHERA: Mzungu ni mgonjwa?

OMBATI: Mzungu ni mzima kuliko mimi. Sikiza. [mkwaruzo] Haslinga amepita mchujo.

NYANCHERA: Haslinga gani?

OMBATI: Kwani tuna Haslinga wangapi? Huyu huyu mzungu wangu! Nusu ya wachezaji wamerudishwa nyumbani mchana huu, na yeye amebaki. Kwa pigo moja tu! Kesho anacheza, Jumapili anacheza. Tangu sitini na saba nambebea mfuko wa gofu, kila mwaka tunakuja hapa, kila mwaka Ijumaa tunafukuzwa kama kuku jikoni. Leo amebaki!

NYANCHERA: Nyasae, Mungu wangu.

OMBATI: Alikaa chini kwenye nyasi, miguu mbele, kama mtoto. Ikabidi nimwinue.

NYANCHERA: Tulimwombea, unajua.

OMBATI: Nani?

NYANCHERA: Sisi akina mama wa Dorkasi kanisani. Kila Jumatano tangu Januari. Niliwaeleza habari zake zote: kwamba kwao Austria ni theluji tupu, nyasi ni za miezi michache tu, kwamba alianza kwa kubebea watalii mifuko mlimani, kwamba alikwenda kucheza Italia akashindwa, Ujerumani akashindwa, Uingereza akashindwa siku mbili—

OMBATI: Umewaambia kushindwa kote huko?

NYANCHERA: Mtu ataombewaje bila kuelezwa? Hata ile barua ya kaka yake niliwaambia.

OMBATI: Aaa, Mama Momanyi! Hiyo ilikuwa siri!

NYANCHERA: Walilia. Niliwaambia kwamba mkataba wake wa kufundisha gofu hapo Kisii unaisha Juni, na asipofanya vizuri mwaka huu anarudi kwao kubeba masanduku ya wageni kwenye hoteli ya kaka yake. Mtu wa miaka arobaini na nne! Bosibori alilia mpaka akatoka nje.

OMBATI: Basi mwambie Bosibori apanguse machozi. Akimaliza Jumapili katika wale kumi wa mbele, anaalikwa kucheza Ulaya msimu mzima. Wameshamwambia.

NYANCHERA: Hiyo ni nzuri. Hiyo ni nzuri sana. Baba Momanyi.

OMBATI: Naam.

NYANCHERA: Kesho ni siku gani?

OMBATI: Ndiyo maana nimepiga simu.

NYANCHERA: Kesho mchungaji anakuwekea mikono! Unakuwa mzee wa kanisa! Wageni kutoka Nyacheki wameshafika, wako nyumbani wanakunywa chai yangu. Ndizi zimepikwa tangu asubuhi. Suti yako nimeimaliza, nimeitundika ukutani, kila anayeingia anaishika!

OMBATI: Najua—

NYANCHERA: Mchungaji aliniuliza mwenyewe, "Dada Nyanchera, tarehe hiyo Ombati hayuko Nairobi na mzungu?" Nikamwambia, mchungaji, andika tu, yule mzungu hajawahi kuvuka Ijumaa!

OMBATI: Ebu ngoja. Ngoja kwanza. Januari mlianza kumwombea apite Ijumaa.

NYANCHERA: Ndiyo.

OMBATI: Na hapo hapo mkapanga sherehe kwa sababu mlijua hatapita.

NYANCHERA: Sasa ukiiweka hivyo—

OMBATI: [anacheka] Haki, nyinyi watu wa Nyaramba!

OPERETA: Dakika tatu zimekwisha. Mnaongeza?

OMBATI: Ongeza! Ongeza, dada, usikate.

NYANCHERA: Usicheke, mimi sicheki. Kuna basi la saa kumi na moja. Panda.

OMBATI: Jua litanizamia njiani hata Nakuru sijafika. Nije kuwekewa mikono nikiwa nimesafiri Sabato usiku kucha? Mchungaji ataiweka wapi hiyo mikono?

NYANCHERA: Kwa hiyo utabaki ubebe mfuko wa gofu. Sabato. Siku ile ile.

OMBATI: Sibebi.

NYANCHERA: Hubebi?

OMBATI: Sibebi. Nimeshamwambia.

NYANCHERA: Umemwambia lini?

OMBATI: Leo. Mchana. Alipokuwa bado amekaa kwenye nyasi.

NYANCHERA: Wewe! Miaka saba unamfanyia mtu kazi, na Sabato unamtajia leo?

OMBATI: Ningeitaja lini? Haikuwahi kutusumbua! Jumamosi pale klabu tunafunga mafunzo, na Nairobi kila mwaka Ijumaa mchana tuko barabarani. Nilisahau kabisa kwamba mtu anaweza kupita.

NYANCHERA: Akasemaje?

OMBATI: Akavua kofia. Akaniangalia. Akasema, "Ombati, unaniambia leo?"

NYANCHERA: Maskini.

OMBATI: Halafu akauliza, asiponilipa kesho, bado itakuwa kazi? Nikamwambia bado. Akauliza, na kama mfuko nitaubeba kwa kupenda tu? Nikamwambia bado.

NYANCHERA: Ulijibu vizuri. Alikasirika?

OMBATI: Afadhali angekasirika. Alisema, "Basi nitabeba mwenyewe, ndivyo nilivyoanza." Na mgongo wake unaujua. [mkwaruzo] Mama Momanyi, imeniuma. Yule ni rafiki yangu. Nilikuwa nakata nyasi pale klabu, akaniita, akanifundisha, hata Momanyi alipolazwa ni yeye aliyetupeleka hospitali usiku. Sasa siku moja tu anayonihitaji maishani mwake, namwacha.

NYANCHERA: Humwachi. Jumapili si utabeba?

OMBATI: Jumapili nitabeba hata yeye mwenyewe. Lakini kesho akiharibu, hakuna Jumapili. Sasa hivi natoka hapa tunakwenda kuzunguka mashimo yote kumi na nane, namchorea kwenye daftari: hapa kunateremka, hapa kuna unyevu, hapa usiamini macho yako. Mpaka jua lizame, nifunge daftari.

NYANCHERA: Na kesho utakaa wapi?

OMBATI: Nitatafuta kanisa letu huku. Nikae nyuma kabisa. Suti si iko kwako?

NYANCHERA: Nitamwambia mchungaji arudi robo ijayo ya mwaka. Watu wa Nyacheki wale ndizi waende.

OMBATI: Umeumia.

NYANCHERA: Nimeumia sana. Niliitia ile suti bitana ya hariri. Nani huweka bitana ya hariri kwa mtu atakayekaa Nairobi nyuma ya kanisa?

OMBATI: Nisamehe, mama.

NYANCHERA: Nina neno la kukwambia, lakini sitaki opereta asikie.

OPERETA: Sisikilizi.

NYANCHERA: Ala!

OMBATI: Sema tu, dakika zinakwisha.

NYANCHERA: Jumatano hii hatukumwombea.

OMBATI: Vipi?

NYANCHERA: Wakati ulipofika niliwaambia akina mama, wiki hii tuombe mvua, majani ya chai yamedumaa, huyo mzungu tumpumzishe. Walikubali. Lakini mimi sikuwa nawaza mvua. Nilikuwa nataka uje. Nilitaka nikuone umesimama pale mbele, Tryphosa na wenzake wa kanisani wakiangalia. Nikaona, tukimwombea tena, huenda safari hii akapita kweli. Kwa hiyo nilimnyima, Baba Momanyi. Mtu mwenye kaka wa hoteli. Nilimnyima.

[mkwaruzo]

NYANCHERA: Haloo? Uko? Umekasirika?

OMBATI: Hakuna hata mmoja aliyemwombea wiki hii?

NYANCHERA: Hata mmoja. Hata Bosibori hakuomba, nilimuuliza.

OMBATI: Basi na mimi nikwambie langu. Leo, shimo la mwisho. Mpira uko hatua tano, akiuingiza amepita, akiukosa tunakuja nyumbani. Akaniuliza. Nikalala chini nikaangalia nyasi. Nikamwambia, kushoto.

NYANCHERA: Ndiyo?

OMBATI: Miaka saba hajawahi kunipinga. Leo aliangalia, akaangalia tena, akatikisa kichwa. Akaupiga kulia.

NYANCHERA: Na ukaingia?

OMBATI: Kulia ndiko kulikokuwa sawa. Angenisikia mimi, sasa hivi tungekuwa Kericho.

NYANCHERA: Kumbe! Kwa hiyo mimi nilimwacha, na wewe ukampoteza—

OMBATI: Na akapita.

OPERETA: Dakika zimekwisha. Kuna mtu anangoja laini.

NYANCHERA: Baba Momanyi! Umemwambia hayo?

OMBATI: Nimwambie nini? Niliona aibu, nikanyamaza! Yeye anadhani nilikuwa sahihi na mpira uliingia kwa bahati tu, anazunguka anaomba msamaha kwa kunipinga!

NYANCHERA: Nenda umwambie! Yote mawili, langu na lako! Asiamke kesho akidhani hawezi bila sisi—

OPERETA: Nakata, mama.

OMBATI: Namwambia sasa hivi! Msalimie Momanyi, ile suti usiitoe ukutani—

NYANCHERA: Mwambie alikuwa peke yake! Mwambie hivyo hivyo, peke ya—

[Simu inakatika.]