Ndugu Mhina Aliyefuata Saini hadi Mombo

Tarehe 30 Juni 1975, Ndugu Mhina Semkiwa anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, kwanza Handeni, kisha hapa Korogwe akiwa karani wa mikataba ya nyumba. Ametumwa na wakoloni, akatumwa na Serikali yetu, na anatumwa na mkewe, Mwaija. Ni maagizo ya Mwaija tu aliyoyatekeleza siku ileile.

Wengi wanamjua kwa kukoroma mikutanoni. Sisi tunamkumbuka kwa nyumba ya Mama Naisimoi.

Mwaka 1968 mama huyo, mjane wa jamii ya wafugaji kutoka Handeni, aliuza karibu mifugo yake yote akanunua nyumba ya Bernardo, seremala wa Manundu. Alilipa, lakini Bernardo hakutia saini mkataba. Kwanza aliumwa kidole. Kisha akaumwa kidole cha mkono wa pili, ambao haandikii. Halafu akaenda msibani Kwashemshi, kumzika mtu ambaye sisi tulimwona sokoni akichagua samaki. Masika yakaingia, Mama Naisimoi na wanawe wamejibanza kwenye banda la kuku la jamaa yake.

Ndugu Mhina akakasirika. Tulishtuka, maana hatukujua kwamba anaweza. Aliposikia Bernardo yuko Mombo, akapanda basi na Mama Naisimoi, wakamfuma Bernardo stendi ya Mombo akitafuna mahindi ya kuchoma, vidole vyote vizima. Kando yake mkewe, Rosa, alikuwa akiuza ndizi.

"Shemeji," Mhina akamwambia Rosa, "mumeo ameuza nyumba, lakini saini hatii."

Kumbe Rosa hakuwa ameambiwa lolote. Bernardo alikuwa akimwogopa mke, si ofisi.

"Nyumba ile inayonivujia kitandani?" Rosa akamaka. "Umepata mnunuzi, halafu unajificha? Mpeni kalamu!"

Mama Naisimoi alisikia vizuri neno kuvuja. "Atie saini kwanza," akasema. "Kisha aje na ngazi."

Bernardo akasaini juu ya tenga la ndizi, na wiki iliyofuata akashinda juu ya paa.

Mama Naisimoi angali anaishi humo. Leo ameleta kibuyu cha maziwa na kuagiza kisiguswe na yeyote ila mstaafu.

Asante, Ndugu Mhina. Nenda salama Kwashemshi kwenye migomba yako. Tunakuombea afya, mvua za kutosha, na majirani wasiouza nyumba.