Yai la Mwisho la Bi Epifania

Kijiwe chetu kiko karibu na stendi ya michomoko hapa Kasulu, yale magari madogo yanayojazwa watu mpaka dereva mwenyewe anaomba nafasi. Benchi ni moja tu, limeegemea ukuta wa duka la Isihaka, na asubuhi za baridi tunabanana hapo tukingoja kahawa ya Mansuri. Sisi ni watu wa kujua kila kitu. Bajeti tunaijua, mpira tunaujua, ndoa za watu ndiyo usiseme. Mambo ya jikoni tu ndiyo hatukuwahi kuulizwa, mpaka siku ile alipokuja Lusajo na yai mkononi.

Lusajo ni mwalimu, mtu wa Mbeya. Alipangiwa kazi huku na akaoa huku huku, sisi tunamwita Ticha.

— Jamani, niokoeni. Mama mkwe anaondoka leo.

— Si ndiyo heri? alisema Longinus, tunayemwita Redio kwa sababu hana pa kuzimia.

— Acha utani, bwana. Bi Epifania hakuwahi kula yai ujanani, kwao wanawake walikatazwa. Juzi jirani yetu Herieth akamchemshia moja, kiini laini kinatiririka. Bibi kalamba mpaka ganda! Na mimi mdomo wangu huu ukasema: mama, hata mimi najua kupika hivyo.

— Na kweli unajua?

— Ningejua ningekuja hapa?

Tukamhurumia. Akatueleza kwamba bibi alikuja na mayai matatu ya kuku wake mwenyewe kutoka Kagerankanda. La kwanza Ticha alilitoa maji matupu. La pili likatoka jiwe. Na Herieth ameshaenda kazini.

— Jana usiku nimemsikia anamwambia mke wangu: "Ernesta, huyu tulimpa mke kwa haraka." Hili ndilo la mwisho. Nikiliharibu, nimekwisha.

 Mansuri alilichukua lile yai, akalitumbukiza kwenye kisufuria cha maji yanayochemka pembeni ya birika lake, akarudi kugonganisha vikombe. Na hapo ndipo kesi ilipoanza: litolewe baada ya muda gani?

— Simu yangu ina saa, alisema Ticha.

Isihaka akainua kidole. Tunamwita Wakili, ingawa mahakamani aliwahi kwenda mara moja tu, tena kama shahidi.

— Saa ya simu inatoka Dar es Salaam. Kule ni joto. Yai la Kasulu utalipimaje kwa saa ya Dar?

Tukatikisa vichwa. Mtu akiinua kidole sisi tunatikisa vichwa, ndiyo desturi yetu. Na Ticha, msomi mzima, akarudisha simu mfukoni!

— Yai linapimwa kwa taarifa ya habari, alisema Redio. Vichwa vya habari, tangazo la sabuni, unatoa. Binamu yangu Kibondo anapika hivyo.

— Na taarifa ikirefuka, amekufa mtu mkubwa?

— Siku hiyo hamli mayai, mnaomboleza.

— Mimi nasema moto uwe mdogo, Mansuri akaingilia. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Simba hali mayai, Mansuri.

— Kwa sababu hajui kupika!

Hapo nami nikaona nisipozungumza nitaonekana mgeni.

— Litikise sikioni, nikasema. Likilia chwe-chwe, bado. Likinyamaza, limeiva.

— Wewe ulishawahi kulitikisa?

— Si lazima uanguke ndipo ujue shimo.

Wakili akainua kidole tena.

— Kosa liko kwa kuku. Kuku wa Kagerankanda anakula muhogo, kwa hiyo ndani ya yai kuna ugali. Na ugali hauchemshwi, unasongwa.

— Nyie hamjui, alisema Redio, sasa amesimama kabisa. Huku juu milimani maji yanachemka kwa uongo. Kelele tupu, joto hakuna! Yai linatakiwa lianze Kasulu, likamalizikie chini, Ujiji.

— Nimpeleke mama mkwe Ujiji kwa ajili ya yai?

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Mwakeye!

Salamu ya Kiha, sauti ya mwanamke mzee. Tukageuka. Bi Epifania mwenyewe, kikapu kichwani, anakwenda kupanda gari. Wote tukasimama, tukaitikia na kumpa shikamoo. Hata Redio alizima.

— Marahaba. Mkwe, mbona unajificha nyuma ya wenzako?

— Nakupikia yai, mama.

Bibi akashusha kikapu, akainama kwenye kisufuria. Maji yalikuwa karibu yamekauka, yai linagonga sufuria ka-ka-ka. Akatutazama mmoja mmoja.

— Liliingia lini?

Ticha akamtazama Mansuri. Mansuri akamtazama Redio. Redio akamtazama Wakili. Wakili akainua kidole, akakishusha polepole.

Bibi akaliopoa kwa kijiko, akaligonga kwenye benchi letu, akamenya. Gumu. Lingeweza kuchezewa mpira.

— Nisamehe, mama, alisema Ticha. Nilikudanganya. Sijui kupika yai.

— Nilijua tangu la kwanza. Nilikuwa nangoja useme.

Akaomba chumvi kwa Isihaka, akaligawa yai katikati, nusu akampa mkwewe mkononi. Wakala wote wawili wamesimama, wanatafuna kwa shida, na bibi ndiye aliyeanza kucheka. Kisha akapanda gari, akachungulia dirishani.

— Nitaleta mengine, mkwe. Lakini utapikia nyumbani, mimi nikiwa nimekaa pembeni. Hawa wenzako wanachemsha maneno.

Gari likaondoka. Ticha alibaki anapunga mkono, chembe za kiini mdomoni, anacheka peke yake. Sisi tukarudi kukaa, na Mansuri akainua birika atumiminie kahawa. Likatoa mvuke tu. Lilikuwa limekauka, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kuuliza tangu lini.