Bi. Ndindi Anatuachia Twiga Wetu

Tarehe 30 Juni 1989, Bi. Ndindi Mativo anastaafu baada ya miaka kumi na minane katika chama chetu cha wachongaji, hapa Shauri Moyo. Kamati imeniomba mimi niandike maneno haya, eti kwa sababu tulichonga kwenye benchi moja. Wangemwomba mtu mwingine.

Alikuja mwaka 1971 kupiga msasa. Ndiyo ilikuwa kazi ya akina mama: mwanamume anachonga, mama analainisha. Kila mchongaji alikuwa na mnyama wake, na humu ndani mtu huitwa kwa mnyama huyo. Mwenyekiti wetu Naftaly ni Kifaru. Mimi ni Twiga. Bi. Ndindi hakupewa mnyama. Basi akaokota gogo nililolitupa, akaazima tezo, akachonga mama wa mitumba ameinama juu ya robota, anavuta koti. Tulicheka sana. Nani angenunua mgongo wa mwanamke?

Ulinunuliwa wiki hiyo hiyo. Roho iliniuma, na bado haijapoa.

Mwaka 1978 aliisafisha stoo ya mbao, akaipaka chokaa, ikawa chumba cha maonyesho chini ya usimamizi wake. Wageni wakaanza kuitafuta Shauri Moyo. Akina mama wanaouza mitumba soko la Gikomba nao walikuja, wakagombana ni nani kati yao aliyechongwa. Mmoja wao, Waringa, aliapa kwamba ule mgongo ni wake. Twiga wangu hajawahi kugombaniwa na mtu. Nilipoomba awekwe dirishani, Bi. Ndindi alimpapasa shingo, akasema kwa upole: "Baba Koki, ulipomchonga huyu hukuwa unamwaza twiga. Ulikuwa unaniangalia mimi." Kibaya ni kwamba alisema kweli.

Leo akina mama sita hapa wameshika tezo, akiwemo mke wangu. Twiga wangu sasa nawapigia msasa mwenyewe.

Kustaafu kwake kulipotangazwa, nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Nilisema moyoni, sasa nitapumua. Jana nikasikia amejenga kibanda nyuma ya nyumba yake kule Komarock, na magogo yameshafika. Hatakuwa tena na wageni wa kupokea wala chumba cha kufagia. Atachonga tu, kutwa nzima.

Bi. Ndindi, asante kwa yote. Chama kizima kinakutakia maisha mema na afya njema. Mimi nakuombea usingizi mrefu wa mchana.

Matheka (Twiga)