Madam Adero na Ndama wa "Look After"

Tarehe 11 Agosti 2023, baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha Kiingereza, mingi yake hapa shuleni kwetu Kapseret, Madam Rose Adero anastaafu. Chai ya saa nne itakosa kicheko chake, na sisi wenzake tutakosa mtu wa kutusahihishia barua.

Madam alikulia Kisumu mjini na hadi leo anaogopa pembe. Kwa hivyo tulishangaa mwaka wa 2009 alipoomba ndama wa shule. Kidato cha kwanza walikuwa wamekariri kwamba "look after" ni kutunza, lakini kila mmoja aliandika sentensi ile ile ya kitabuni, ya mama na mtoto mchanga. Akawapa ndama wamtunze kwa zamu, na kila Ijumaa waeleze kwa Kiingereza walichofanya. Wakaona wenyewe kwamba kusimama kando na kumtazama hakutoshi. Kulihitajika majani, maji na kusafisha zizi. Baadaye wakalitumia neno hilo kwa nyanya mgonjwa, hata kwa duka la jirani aliyesafiri.

Muhula wa pili ndama akaanza kuhara. Mwalimu mkuu alisema akifa, somo hilo limekwisha. Mzee Kigen naye akaja kulalamika kwamba bintiye Jepchumba aliletwa kusoma, si kuchunga; ng'ombe wako nyumbani. Alimkuta Madam zizini amemshika ndama kichwa, macho ameyafumba kwa woga, huku Jepchumba akimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa chupa. Mzee alivua koti, akamshika ndama yeye mwenyewe. Ndama alipona, na wajukuu wake ndio wanaotupa maziwa ya chai.

Tulipopanga sherehe hii, Madam hakuomba zawadi. Aliuliza tu nani ataendelea na somo lake, na sote tukatazama vikombe vyetu. Asubuhi iliyofuata Mzee Kigen, siku hizi mwanachama wa bodi, aliingia langoni akivuta ndama jike kwa kamba.

"Madam, huyu ni wa Form One wa mwakani," alisema. "Mimi mwenyewe nitakuwa nakuja kila Friday kuona kama wanam-look after."

Madam alilia kwa furaha, kisha akarudi nyuma haraka ndama alipomsogelea. Hapo ndipo nilipoinua mkono: somo nitalifundisha mimi.

Asante, Madam. Kapumzike vyema nyumbani kwako Kimumu, mbali na pembe. Ijumaa yako ina mwenyewe.

Mukhwana, Idara ya Kiingereza