Uzi Mweupe

Benchi la mbele ya kibanda cha Fundi lina miguu mitatu, wa nne ni tofali, na wanaolikalia wamewahi kukubaliana jambo moja tu: kahawa iwe chungu. Asubuhi hiyo Fundi alikuwa ametandika kitambaa cha kaki magotini. Daktari alimtaka aweke kumbukumbu ya kila anachokula na jinsi tumbo linavyomjibu, maana utumbo wake una vidonda na lazima wajue kinachouchokoza. Mkono wa Fundi, mshona nguo, unaelewana na sindano kuliko kalamu, basi akaishona kumbukumbu yenyewe kwenye kitambaa hicho. Safu ya juu ni vyakula: duara maharage, msalaba maziwa. Safu ya chini ni tumbo: uzi mwekundu siku ya damu, mweusi siku ya maumivu, mweupe siku ya nafuu. Kesho ndiyo kliniki, na alishaambiwa akizidi kukonda watamlaza. Fundi aliogopa kulazwa kuliko kitu chochote, kwa sababu mkewe alilazwa na hakurudi.

— Wiki hii weupe mtupu, akasema Betri, fundi redio. Si nilikwambia uache maharage? Yanapiga shoti tumboni.

— Maharage yamekukosea nini? Kinyozi akadakia. Dawa ni kuacha maziwa, na mimi ndiye niliyemkataza. Yakifika ndani yanafanya povu kama la kunyolea ndevu.

— Na viazi je? Betri akauliza. Viazi vinakaa ardhini, vinanyonya umeme wa radi.

— Wali ndio usiseme. Kila punje ina ncha mbili, zote zinakwaruza kidonda.

— Hapo sawa. Na mkate ni hewa tupu, unapanua.

Fundi alicheka kidogo huku ameshika tumbo. Aliwapenda watu hawa. Siku tumbo lilipomwaibisha mbele ya mteja, wao ndio waliomfunga shuka kiunoni wakamfikisha nyumbani, na mpaka leo hawajamtania. Ndiyo maana kila walichokikataza alikiacha: maharage, maziwa, viazi, wali, mkate.

— Kesho daktari atakuuliza nani kakutibu, Betri akasema. Mwambie aje hapa tumfundishe kazi.

Walikuwa bado wanacheka dada mkubwa wa Fundi alipofika na begi lake, ametoka safari kuja kumsindikiza kliniki. Wakampisha akae. Alimtazama mdogo wake, suruali imebanwa kwa pini kiunoni. Kisha akachukua kitambaa na kukipitishia vidole polepole.

— Hizi nyeupe ndizo siku nzuri?

— Ndizo, dada, Kinyozi akajibu. Zimefuatana tu.

— Mbona juu yake hamna alama? Siku hizo alikula nini?

Betri akamtazama Kinyozi. Kinyozi akachungulia kikombe chake.

— Si alikula… Betri akaanza, akaishia hapo.

Fundi alitaka kusema alisahau kushona. Lakini huyu ndiye aliyemlea, na hajawahi kumdanganya akafaulu.

— Maji, dada. Nikila naumia. Nisipokula, uzi unakuwa mweupe.

Betri akaweka kikombe chini, kahawa imejaa.

— Sisi tulikuwa tunaangalia rangi tu, akasema.

Dada akamshika Fundi mkono juu ya kiwiko, vidole vyake vikauzunguka wote na kupitana. Fundi akalia palepale benchini, na hakuna aliyemwambia anyamaze.