Mama Clémentine Ilunga na Funguo Aliyokataa Kushika

Mama Clémentine Ilunga alizaliwa tarehe 14 Mei 1952 kule Kilwa, ngambo ya ziwa, upande wa Kongo. Baba yake, mzee Hippolyte Ilunga, alikuwa mushona nyavu.

Alisoma kwa masista mpaka mwaka wa ine. Kila Jumatatu watoto walipewa biskuti za juma nzima. Zake zilikwisha mbele ya jua kuzama. Siku moja akazipeleka mwenyewe jikoni: “Masista, munishikie. Nikilia, musinipe.” Alilia kweli, na masista hawakumupa.

Tarehe 7 Agosti 1971 alivuka ziwa na kuolewa na Bwana Musonda Kafula, fundi wa mabwato hapa Kashikishi. Mungu aliwapa watoto watano, wawili walitangulia.

Kazi yake ilikuwa kuuzisha chisense, wale samaki wadogo tunaowaanika kwenye muchanga. Ninyi wote munajua: Desemba ziwa linafungwa ili samaki wazae, na mpaka Machi hakuna kutupa nyavu. Tunajua, na kila mwaka inatukuta kama mugeni asiyebisha hodi. Novemba tunavaa bitenge vipya, Januari tunaomba unga kwa jirani. Mama Clémentine hakucheka mutu. Alisema tu, “Asubuhi niko na akili. Saa ya soko, mukono yangu inakuwa ya mutu mwengine.”

Basi alinunua mukebe wa chuma wa kuwekea feza, na kadena ya kuufunga. Mukebe ulikaa chini ya kitanda chake, funguo ikakaa shingoni mwa mama Nkandu, mwenzake wa kanisa. Wakapatana: funguo haitoki siku ya soko, inatoka asubuhi tu, kiisha kuomba.

Kuna siku muchuuzi alileta radio ya kupendeza. Mama Clémentine akafika mbio, kilemba mukononi.

“Nkandu, leta funguo!”

“Kesho asubuhi, mama.”

“Feza ni zangu!”

“Ni zako. Lakini aliyenituma ni Clémentine wa asubuhi. Weye sikujui.”

Alikasirika, akaenda hata bila kuaga. Kesho yake alirudi na samaki kwenye sahani, akicheka mpaka machozi. Radio hakuitaja tena.

Mwaka huu mukebe ulikuwa na kazi mbili: unga wa miezi ya kufungwa ziwa, na masomo ya Gaëlle, kitinda mimba, anayeingia darasa la nane Januari. Tangu vita ianze kule ngambo mwezi wa Agosti, usingizi wa Mama Clémentine ulikuwa mudogo. Alisikiliza kila injini ya bwato, akiwaza dada yake Fidélie aliyebaki kule. Tansion ya damu ikapanda. Tarehe 19 Novemba alianguka sokoni, akapelekwa hospitali. Bwana Musonda aliuza baiskeli yake kwa dawa. Asubuhi moja mama Nkandu alipomuletea funguo kitandani, mugonjwa aliifunga ndani ya kiganja cha mwenzake.

“Shika. Siku nitakayokufa, ile nayo ni siku ya soko.”

Alifariki Alhamisi, tarehe 26 Novemba 1998, alfajiri.

Na siku ya soko imefika. Shemeji yake, Bwana Katongo, kwa uchungu wake alisema, “Mama mukubwa kama huyu azikwe bila ng'ombe? Leteni funguo, ao nilete nyundo!” Jana nyundo ilionekana karibu na kitanda. Tunakuheshimu, shemeji. Kupenda kwako tunakuona. Lakini Jumanne ziwa linafungwa, na ng'ombe haingii darasani. Sanduku hili la maziko Bwana Musonda alilichonga mwenyewe kwa mbao za bwato alilokuwa anajenga, na marehemu angelisifu. Chakula cha leo ni kile wamama wa kanisa walichobeba kichwani. Mutusamehe kama ni kidogo.

Anaacha mume, Bwana Musonda Kafula, watoto watatu, Guylain, Rosaria na Gaëlle, wajukuu, na dada Fidélie, aliyevuka jana na bwato la mwisho, akiwa angali na nguo ya safari.

Mama Nkandu yuko hapa, na funguo iko shingoni mwake. Mwenye haja nayo amufuate wageni wakiisha kurudi, asubuhi, kiisha kuomba.

Clémentine wetu, lala kwa amani ya Bwana, mpaka asubuhi ile.