Maisha ya Aloyse Weydert, Mpekuzi wa Daraja la Remich

Ndugu, majirani, na nyinyi mliovuka mto asubuhi hii kuja kumsindikiza mzee wetu, familia imemkabidhi Léonie, binti yake wa kwanza, kazi ya kuwasomea maisha ya marehemu, nayo inawaomba mvumilie hadi mwisho, kwa sababu katikati yake limo jambo ambalo marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe ndani ya kanisa hili, kwa karatasi aliyoiandika na kuitia saini tarehe 2 Februari 2010, na ambalo si kila mtu katika ukoo alipenda lisomwe.

Marehemu Aloyse Weydert alizaliwa hapa Remich tarehe 14 Machi 1933, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Nicolas Weydert, mkulima wa mizabibu, na mkewe Bi Barbe, akitanguliwa na kaka yake Jean-Pierre, ambaye wote walimwita Jempi, aliyezaliwa mwaka 1923, na kufuatiwa na dada yake Milly, aliyezaliwa mwaka 1937, ambaye tuko naye leo kwenye benchi la mbele. Mzee Nicolas alifariki kwa ugonjwa wa kifua mwaka 1939, akamwachia mjane wake watoto watatu, mteremko wa mizabibu, na ghala la mvinyo chini ya nyumba.

Marehemu alianza shule ya msingi Septemba mwaka huohuo, lakini tarehe 10 Mei 1940 Wajerumani waliingia nchini, Kifaransa kikapigwa marufuku, jina lake kwenye daftari likageuzwa kuwa Alois, na siku aliyomwambia mwalimu "merci", yaani asante, kwa mazoea alichapwa viboko vinne, navyo alivikumbuka kwa hesabu hiyohiyo mpaka uzeeni. Tarehe 30 Agosti 1942 ilitangazwa kwamba vijana wa nchi hii wataandikishwa kwa nguvu katika jeshi la Ujerumani, na Januari iliyofuata Jempi alipopata barua yake hakwenda, bali alijificha ghalani nyuma ya mapipa, karibu na mlango mdogo wa kutokea mashambani, mlango ambao mgeni hangeujua, kwa kuwa ulizibwa na shinikizo bovu la zabibu.

Asubuhi ya tarehe 19 Februari 1943 askari walikuja, wala hawakubisha mbele, walikwenda moja kwa moja kwenye ule mlango mdogo. Aloyse, ambaye hakuwa ametimiza miaka kumi, alikuwa ngazini na chombo cha maziwa mkononi, akaona kaka yake akitolewa, na huko nje ukutani akamwona Josef Thielen, fundi mapipa wa Nennig, ng'ambo ya mto, aliyekuwa akija kila vuli kabla ya vita kutengeneza mapipa ya nyumba ile, amesimama na kofia mkononi. Jempi alipelekwa vitani upande wa mashariki, akafa Juni 1944, na mwili wake haukurudi. Mtoto yule alijumlisha mlango na fundi aliyeujua, akapata jibu, na jibu hilo alikaa nalo miaka hamsini na miwili.

Baada ya vita marehemu alimaliza masomo ya sekondari mwaka 1952, akatumikia jeshi mwaka mmoja kama sheria ilivyotaka, na tarehe 1 Oktoba 1953 akaajiriwa katika Idara ya Forodha, akapangiwa kituo cha hapahapa Remich. Ulikuwa wakati ambao nchi sita zilikuwa zimeanza kuweka makaa yao ya mawe na chuma chini ya mamlaka moja, yenye makao yake katika mji wetu mkuu, na watu walisema sasa hakuna atakayeweza kufua mizinga kwa siri. Marehemu aliuliza kwa nini mtu aliyeacha kuiba ahitaji kukaguliwa ghala. Mkataba wa Roma uliposainiwa tarehe 25 Machi 1957, wenzake walifungua chupa kituoni, naye akaweka glasi yake chini akasema, "Wapendanao hawaandikiani kurasa mia mbili."

Tarehe 17 Mei 1958 alifunga ndoa na Bi Félicie Hoss wa Wormeldange, kwanza ofisi ya mji na kisha katika kanisa hili, na Mungu akawajalia watoto wawili, Léonie mwaka 1959 na Guy mwaka 1962. Mama yetu hajawahi kuficha kwamba aliolewa na mtu mgumu, aliyenusa maziwa yaliyokamuliwa mbele ya macho yake, na mara moja, walipokuwa wakirudi kutoka misa, alimwambia, "Aloyse, wewe hata hostia ungeigeuza uone upande wa nyuma," naye akajibu kwamba alishaigeuza.

Mnamo tarehe 6 Julai 1959 jimbo la Saar, lililokuwa ndani ya forodha ya Ufaransa tangu baada ya vita, liliingia rasmi katika forodha ya Ujerumani, na upande wa pili wa daraja wakaja maafisa wapya, mmoja wao akiwa kijana wa miaka ishirini na tisa, Egon Thielen, mtoto wa Josef fundi mapipa. Marehemu alisoma jina hilo kwenye kifua cha sare, akarudi ofisini, akakaa.

Tangu siku hiyo kila Thielen alipovuka kuja Remich alipekuliwa, begi, viatu, hata mfuko wa mkate, naye hakulalamika, jambo ambalo marehemu alilihesabu kuwa ushahidi, kwa kuwa mtu asiye na hatia, alisema, hupiga kelele. Tarehe 1 Aprili 1964 serikali mbili zilikubaliana kwamba maafisa wa pande zote wakae chumba kimoja ili lori ligongewe mihuri yote miwili kwa kusimama mara moja, na marehemu alipofika alikuta meza yake imewekwa kumpa mgongo Thielen, akaizungusha kabla hajavua koti. Siku hiyo Thielen alileta keki ya plamu iliyookwa na mkewe Bi Hedwig, naye marehemu akachukua kisu, akakikata kipande chake vijipande vidogovidogo.

"Unatafuta nini, Bwana Weydert?" Thielen akamuuliza.

"Kokwa."

"Mke wangu huzitoa zote."

"Ndiyo nahakikisha."

Haya tunayacheka leo, lakini yapo ambayo hayachekeshi, na hapa ndipo lilipo agizo la marehemu. Kwa miaka mingi, katika vilabu vya mvinyo vya mji huu, mbele ya wengi mliomo humu, marehemu alisema waziwazi kwamba akina Thielen walimuuza kaka yake, na maneno yale yalitembea kuliko yeye, yakafika dukani na kwa mwoka mikate, hata mwaka 1966 Bi Hedwig, baada ya kusimamishwa kwenye foleni huku wengine wakihudumiwa na yeye akipitwa, aliacha kabisa kuja soko la Remich. Hakuna aliyemtetea, na nyumba yetu pia haikumtetea.

Tarehe 1 Julai 1968 ushuru kati ya nchi zile sita uliondolewa, na marehemu aliendelea kufungua malori, akisema bidhaa isiyotozwa ndiyo yenye sababu kubwa zaidi ya kufichwa. Mama yake, Bi Barbe, alifariki tarehe 8 Novemba 1971. Nchi nyingine zikaingia katika umoja huo, tatu, kisha moja, na tarehe 14 Juni 1985, wawakilishi wa nchi tano walipokutana Schengen, maili chache juu ya mto, kukubaliana kuondoa ukaguzi mipakani, marehemu alipangwa kulinda ukingo, na jioni alimwambia mama yetu, "Wamesainia ndani ya meli. Hawakuaminiana hata kukaa kwenye ardhi ya mmoja wao."

Ilipotangazwa kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1993 bidhaa zitapita mipakani bila forodha, kituo kilipewa amri ya kufungwa, na mchana wa tarehe 31 Desemba 1992 walibaki wawili tu chumbani, Weydert na Thielen, wakifunga mihuri kwenye masanduku. Haya tunayasema kama marehemu alivyoyaandika. Thielen alifunga sanduku lake, akakaa.

"Aloyse, miaka thelathini na mitatu hujaniuliza."

"Nikuulize nini?"

"Baba yangu alikuwa anafanya nini pale ukutani."

Thielen akaendelea kusema kwamba familia tatu za mtaa ule zilikuwa zimekwisha kupakiwa kwenye treni kupelekwa uhamishoni Silesia kwa sababu ya vijana waliojificha, kwamba Bi Barbe, akiwa na watoto wawili wadogo, alimwita Josef avuke, akamwomba aende kwa ofisa wa Kijerumani amwambie mwanawe yuko wapi, kwa sharti kwamba Jempi aandikwe kuwa amechelewa kuripoti, asipigwe risasi, na wale wadogo waachwe nyumbani. Ofisa alikubali, na Josef alikuja asubuhi ile kusimama pale ili ahadi isije ikavunjwa mlangoni.

"Mama yako ndiye aliyeusema ule mlango," alisema Thielen, "akamwapisha baba asije akawaambia nyie watoto. Baba hakusema. Na mimi sikusema."

"Umengoja mpaka mama hawezi kujitetea."

"Nimengoja tusiwe na sare. Ningekwambia zamani, ungesema Mjerumani anamsingizia mama yako. Ungeniamini?"

"Hata sasa sikuamini," marehemu akasema, akavaa koti, akaondoka bila kumpa mkono mtu aliyekaa naye chumba kimoja miaka ishirini na minane.

Akiwa mstaafu, marehemu alichunguza jambo hilo kwa namna aliyochunguza kila kitu, akaandika barua kwa wahifadhi wa kumbukumbu wa nchi mbili, mmoja hakujibu na mwingine alijibu kwamba faili za mwezi ule ziliungua, na hilo nalo akalishuku. Hatimaye, mwanzoni mwa Machi 1995, alikwenda jikoni kwa dada yake Milly, akamuuliza anajua nini kuhusu mlango mdogo, na Milly hakuacha kumenya viazi.

"Mama aliniambia wiki aliyokufa," alisema. "Akaniambia, usimwambie Aloyse, ataacha kula."

"Milly! Miaka ishirini na mitatu!"

"Na ungeifanyia nini? Ungemchukia mama. Thielen alikuwa ng'ambo, kaka yangu. Ilikuwa rahisi kwetu sote."

Shangazi Milly aliiomba familia jambo hili lisisomwe, na jana, baada ya kukaa na jeneza peke yake, alisema lisomwe.

Tarehe 26 Machi 1995, siku ya Jumapili, siku ukaguzi wa watu ulipoondolewa mipakani, marehemu alitoka misa, akatembea kwa miguu hadi darajani, akapita kwenye kile kituo ambacho madirisha yake yalikuwa yamebandikwa karatasi, akasimama kwa mazoea na kitambulisho mkononi, hakuna aliyekitaka, akaendelea hadi Nennig, mlangoni kwa Thielen. Aliyefungua ni Bi Hedwig.

"Bi Hedwig," alisema, kofia mkononi, "nimekuja kuomba radhi, na sijui nianzie wapi."

"Anzia hapohapo nje," Bi Hedwig akamjibu, na marehemu aliandika kwamba alianzia hapohapo nje, na kwamba mvua ilikuwa inanyesha, na kwamba alisema yote, foleni ya mikate pia, kabla hajaambiwa apanguse viatu.

Ndani alimwambia Thielen, "Nilikupekua bure miaka yote ile."

"Si bure," Thielen akasema. "Redio ya shangazi yangu wa Remich, mwaka sitini na tatu, ilipita ndani ya pipa. Ulilikalia wewe mwenyewe ukijaza fomu."

Kwa zaidi ya mwaka mzima baada ya hapo marehemu hakukanyaga kaburi la mama yake, na sisi wanawe hatukuthubutu kumuuliza, lakini Siku ya Watakatifu Wote ya mwaka 1996 alikwenda na vyungu viwili vya maua, kimoja cha mama na kimoja cha Jempi, akaviweka juu ya jiwe moja.

Asidhani mtu kwamba alilainika. Fedha mpya zilipotoka mwaka 2002 aliziinua kwenye mwanga moja moja, na katika kura ya maoni ya tarehe 10 Julai 2005 kuhusu katiba ya Ulaya alikaa nyuma ya pazia hadi msimamizi akakohoa, na mpaka leo mama yetu, aliyeishi naye miaka hamsini na mitatu, hajui alipiga ndiyo au hapana. Kila Alhamisi alicheza karata na Egon, juma hili Remich, juma lijalo Nennig, kila mmoja akimshutumu mwenzake kwa wizi.

Mwezi Mei 2009 moyo wa marehemu ulianza kushindwa, akatibiwa kwa miaka miwili, akimwomba daktari wake Mjerumani amsomee kila kidonge kilichoandikwa, na kumuuliza muuguzi aliyevuka kila siku kutoka Ufaransa alikuwa amebeba nini kwenye begi, naye muuguzi alimfungulia begi kila asubuhi bila kuchoka. Alifariki Jumatatu, tarehe 10 Oktoba 2011, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, wiki ya mavuno, mama na Shangazi Milly wakiwa kando yake.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano na dada. Familia inamshukuru daktari na wauguzi wa nchi zote tatu, majirani walioacha zabibu zao mashinani ili wachimbe na kupika, na maafisa wa forodha wastaafu waliokuja na sare zao. Kwa Egon Thielen, aliyeko benchi la pili, na kwa Bi Hedwig aliyeko pembeni yake, marehemu aliagiza tuseme, mbele ya walewale waliomsikia akisema kinyume, kwamba Josef Thielen hakumuuza mtu, kwamba alivuka mto kwa sababu aliombwa na bibi yetu, Bi Barbe, na kwamba jina lake ni safi. Bi Hedwig, tunakuomba upokee mkono wetu nje ya kanisa, na usipotaka, tutaelewa.

Pumzika kwa amani, baba. Ulichoshuku na kikawa kweli tutakiangalia, na ulichoshuku na kikawa uongo leo tumekirudisha kwa wenyewe.